Mipira Miwili Nyuma ya Pampu

Kila Jumamosi asubuhi, watoto wa kikosi cha zimamoto cha kijiji cha Podrebrje walifanya usafi kituoni. Hawakulipwa, na hata wakubwa wao hawakulipwa. Kamanda Štefka mwenyewe alikuwa mwokaji mikate, na king'ora kikilia aliacha unga mezani akakimbia.

Jumamosi hiyo ya Septemba, Brina, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa akisugua sehemu moja tu ya sakafu.

"Utaitoboa," rafiki yake Lenart alimtania, akiwa anafuta gari jekundu. "Utatokea Australia, uwashtue watu waliolala."

Brina hakucheka. Masikio yake yalikuwa mezani, ambako Kamanda Štefka alikuwa akijaza fomu ya serikali. Jumatatu mchana, uchanja wa Bibi Rozalija, ule mrefu wa mbao wa kukaushia majani ya ng'ombe, ulishika moto. Wazimamoto walikuwa karibu kuushinda moto huo, ndipo mipira miwili ya kupitishia maji ilipopasuka kwa mpigo mmoja. Walipomaliza kufunga mingine, uchanja ulikuwa umebaki majivu.

"Mafuta ya gari, povu, mipira miwili," Kamanda alisoma. "Kinachoharibiwa na moto, serikali inaturudishia. Kinachoharibika kwa uzembe, hapana. Haya, natia saini."

"Tutapata mipya!" Lenart alishangilia. "Ile ya zamani nadhani hata babu yangu aliikuta."

Uso wa Brina uliwaka. Wiki tatu nyuma, baada ya mazoezi, zamu ya kutundika mipira kwenye mnara wa kituo ilikuwa yake. Mipira ya kitambaa huvutwa juu kwa kamba, ikaning'inia humo mpaka ikauke kabisa, la sivyo huoza. Lakini siku hiyo timu ya taifa ya kikapu ilikuwa inacheza kwenye televisheni. Mipira miwili ya mwisho aliikunja ikiwa mibichi, akaisukuma nyuma ya pampu, akaandika daftarini: "Imekauka." Kisha akaisahau.

Kamanda alimpa bahasha. "Wewe ndiye mwenye mbio. Wahi posta kabla hawajafunga."

Njia ilipita kwa Bibi Rozalija. Bibi alikuwa ameinama, akiokota misumari majivuni.

"Mjukuu wangu, njoo!" aliita. Alimwekea mikononi keki ya jozi iliyofungwa kwa kitambaa, bado ina joto. "Wapelekee wenzako. Nilimwona Kamanda wenu, uso mweusi kama chungu. Mlijitahidi, bahati tu ndiyo iliwakataa."

"Bibi, siyo..." Brina alianza.

"Siyo nini, mwanangu?"

"Asante, Bibi."

Aliondoka akiwa anatazama chini. Mlango wa posta ulikuwa wazi. Brina alisimama hapo, keki mkono mmoja, bahasha mkono mwingine. Humo ndani mlikuwa na saini ya Kamanda. Akiitumbukiza, Kamanda Štefka atakuwa ameidanganya serikali bila kujua. Brina aligeuka, akarudi mbio.

"Wamefunga?" Kamanda aliuliza.

"Hapana. Kamanda, mipira haikuharibiwa na moto. Niliificha ikiwa mibichi, nikaandika uongo."

Kamanda alikwenda pembeni, akakunjua mpira mmoja. Penye mpasuko palikuwa na madoa meusi ya kuvu. Aliunusa.

"Ungenyamaza tu!" Lenart alifoka. "Serikali ingejuaje? Sasa tuzime moto kwa mate?"

"Wewe, hebu funga domo." Kamanda alifungua bahasha, akafuta "mipira miwili" kwenye fomu kwa mstari mmoja, akatia saini kando yake. "Aibu si yako peke yako, Brina. Niliipakia garini bila kuikagua. Niliamini daftari. Sasa vaa koti, kuna mwingine anayestahili kusikia."

Bibi Rozalija alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi juu ya jiwe.

"Kwa hiyo haikuwa bahati," alisema. "Nina hasira, sikufichi. Uchanja ule aliujenga marehemu mume wangu. Jumamosi ijayo uje na glavu, tuokote misumari."

Brina alikwenda Jumamosi hiyo, na nyingine tatu.

Novemba, serikali ilirudisha fedha za mafuta na povu bila swali. Desemba, kikosi kilipopita kuuza kalenda nyumba kwa nyumba kama kila mwaka, Brina aliomba njia ya mlimani, iliyojaa theluji. Kila aliyeuliza fedha ni za nini, alimweleza: mipira miwili, na sababu yake. Kila mara uso ulimwaka upya.

Mipira mipya, iliyonunuliwa kwa fedha hizo, ilifika. Baada ya mazoezi ya kwanza, Brina aliivuta mnarani mpaka juu, akashika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Mbona huandiki?" Kamanda aliuliza.

"Bado mibichi. Nitarudi kesho."

Kamanda Štefka alimshika bega. "Anayetulipia mafuta hayupo hapa mnarani, Brina. Bibi Rozalija naye hayupo. Wote wanategemea neno letu tu. Na neno likioza, huwezi kuliona mpaka siku ya moto."

Kesho yake Brina alirudi, akaupapasa kila mpira kwa urefu wake wote, ndipo akaandika.