Tikiti Chini ya Pazia

Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye cherehani, Fundi alipita uani kwanza. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe. Alishona sare za shule, mashuka na mapazia. Dirisha la chumba chake cha kushonea lilitazama ua mdogo nyuma ya nyumba. Pale uani, kando ya karo la kufulia, kulikuwa na kitu alichokilinda kuliko mkasi wake: miche miwili ya tikiti maji.

Haikuwa miche ya mbegu za dukani. Bibi, mama mkwe wake, alipofiwa na mumewe alikuja kuishi nao. Alikuja na sanduku moja na kichupa cha dawa. Ndani ya kichupa hamkuwa na dawa. Mlikuwa na mbegu tano nyeusi.

"Hizi ni za marehemu," Bibi alisema. "Alipanda aina hii tangu ujana wetu. Matikiti madogo, lakini utamu wake utakusahaulisha hata jina lako. Zimebaki hizi tu duniani, mwanangu. Nimekukabidhi."

Mbegu mbili hazikuota. Mche mmoja ulidonolewa na kuku wa jirani. Ikabaki miwili, na roho ya Fundi ikawa juu juu.

Basi akafanya lile alilolijua. Alichukua neti ya pazia, akapima, akakata, akashona pindo. Akaifunika bustani yote na kuibana kwa mawe. Hata sisimizi alipaswa kupiga hodi.

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Aliporudi kazini aliangua kicheko.

"Fundi, umeivisha miche shela! Harusi lini?"

"Cheka tu, Baba Watoto. Siku ya kula utaomba kwa adabu."

Miche ikatambaa. Maua ya njano yakachanua. Fundi akafurahi. Lakini kila ua lilinyauka na kudondoka. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Hapakuwa na tikiti hata la ukubwa wa kifungo.

Jioni Bibi alitoka uani. Aliokota ua moja, akalitazama kiganjani, akarudi chumbani kwake. Mtazamo ule ulimchoma Fundi kuliko sindano.

Kesho yake Mzee Kofia alileta suruali iliyochanika gotini. Mzee huyu alikuwa jirani yao, mtunza bustani ya hospitali. Kofia yake pana hakuivua hata akinywa chai. Alichungulia dirishani.

"Fundi, kile ni nini? Unavua samaki uani?"

"Nimezuia kuku na wadudu, mzee wangu. Lakini maua yote yanadondoka. Maji nimetia, samadi nimetia. Sijui nimekosea wapi."

Mzee Kofia akatoka uani, akainua pembe ya neti.

"Njoo uone. Ua hili lina kikonyo kitupu, chembamba. Hili ni dume. Na hili je?"

Fundi akainama. "Lina kitu cha mviringo hapa chini. Kama shanga."

"Hilo ni jike. Hiyo shanga ndiyo tikiti lenyewe. Lakini haikui mpaka ipate unga wa ua dume. Nani huuleta?"

"Nyuki!" alijibu binti wa Fundi, mwenye miaka minane, akiwa mlangoni.

"Haya. Na nyuki apite wapi? Mama yako ameshona mpaka mlango!"

Fundi akashika kinywa. "Kumbe ni mimi!"

"Neti si mbaya," alisema Mzee Kofia kwa upole. "Ilifaa miche ilipokuwa michanga. Maua yakitoka, ifunue. Kuku wazuie kwa uzio wa vijiti, juu acha wazi. Na nyuki wakichelewa, wewe uwe nyuki. Asubuhi, maua yakiwa yamefunguka, chuma ua dume. Bandua majani yake ya njano. Kisha gusisha unga wake katikati ya ua jike. Taratibu. Na maji tia shinani, usiyalowanishe maua."

Asubuhi iliyofuata, Fundi aliiondoa neti, akasimika uzio wa vijiti, kisha akapiga magoti uani. Vidole vilivyozoea kutunga uzi vikashika ua dume, vikagusa ua jike. Bibi alisimama mlangoni, ameshika shavu.

Siku chache baadaye, shanga mbili zilikuwa zimevimba. Kisha zikawa kama limau. Kisha kama ngumi. Mzee Kofia aliwaambia waweke kipande cha ubao chini ya kila tikiti, lisioze kwa unyevu.

Siku moja mchana Baba Watoto aliingia jikoni amekumbatia tikiti lililokuwa kubwa zaidi.

"Nimeligonga, likaitika! Leteni kisu!"

Akalipasua kabla Fundi hajafika. Ndani lilikuwa jeupe. Mbegu zilikuwa nyeupe pia, laini kama punje changa za mahindi.

"Hizi haziwezi kuota," alisema Bibi polepole.

Baba Watoto akaweka kisu chini. "Nisamehe, mama."

Sasa lilibaki tikiti moja tu.

Jioni ile Mzee Kofia alileta suruali nyingine ya kushonwa. Akawakuta wote wamenuna. Alipoelezwa, akatikisa kichwa.

"Kugonga peke yake kunadanganya. Na tikiti maji likishachumwa bichi, haliivi tena."

Bibi akainua uso ghafla. "Ngojeni. Marehemu alikuwa na kitendawili chake. Nilidhani ni mchezo tu. Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika.

"Mwanangu amelala kifudifudi tangu azaliwe. Akiwa tayari kuinuka, kamba yake hukauka na tumbo lake huwa la njano."

"Mlevi!" alisema Baba Watoto.

"Tikiti, baba!" binti yake akamsahihisha.

Mzee Kofia alicheka mpaka kofia ikataka kuanguka. "Marehemu alijua kazi! Kamba ni huu uzi uliojikunja, ulio karibu kabisa na kikonyo cha tikiti. Ukikauka na kuwa wa kahawia, anza kutazama tumbo, pale linapolala. Likiwa jeupe, subiri. Likiwa la njano, leta kisu."

Wakasubiri. Kila asubuhi Fundi alichungulia tumbo la tikiti bila kulikunja shina. Baba Watoto alipita uani mikono mifukoni, kama mtu anayepita karibu na mbwa mkali.

Hatimaye kamba ikakauka. Tumbo likawa la njano kama siagi.

Waliliosha tikiti kwanza kwa maji safi, ili kisu kisiingize uchafu wa ganda ndani. Bibi ndiye aliyekata. Kisu kiligusa tu, tikiti likapasuka lenyewe, ka! Ndani lilikuwa jekundu. Mbegu zilikuwa nyeusi tititi.

Bibi alitafuna akiwa amefumba macho. "Ndilo," akasema. "Ndilo lenyewe."

"Mbegu zote bakulini!" Fundi aliamuru. "Baba Watoto, fungua kinywa nikague."

Hakuna kilichotupwa ovyo. Ganda la kijani lilimenywa, wakapewa kuku wale wale wa jirani. Sehemu nyeupe ilikatwa vipande vidogo, ikapikwa na kitunguu na nyanya. Mbegu zilioshwa, zikaanikwa kivulini siku kadhaa mpaka zikawa ngumu, hazipindi.

Kichupa cha Bibi hakikutosha. Fundi alimwaga vifungo vyake mezani, akatia mbegu kwenye chupa ya vifungo. Nyingine alizifunga kwenye karatasi, akampelekea Mzee Kofia. Sasa mbegu za marehemu zilikuwa na nyumba mbili.

Neti nayo haikupotea. Fundi aliifua, akaishona upya, akaitundika kwenye dirisha la Bibi.

"Mama," alisema akishuka kwenye kiti, "kitendawili!"

"Tega, mwanangu."

"Nilimfunika, akanuna. Nilimfunua, akazaa."

Bibi akacheka kwa sauti, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia tangu aje. Akavuta pazia lake jipya kando, akanyoosha kidole uani, kwenye miche ya tikiti.