Kengele ya Idwal

Sogeeni, jamani, hasa nyie wenye ndugu wanaotunzwa na watu wa kuajiriwa.

Jumapili ile mjini Wrexham Idwal alikuwa akimmiminia dada yake chai, taratibu, ulimi nje, bila kumwaga hata tone. Idwal ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Ana usonji, maneno yake ni machache, na mambo hujifunza polepole. Lakini nyumba ile ndogo ni yake, amepanga kwa jina lake, na wasaidizi huja kwa zamu kumsaidia kupika na kuoga. Mererid, dada yake, alitafuna keki huku akijisemea moyoni kwamba ndugu yake sasa ametulia.

Simu ikaita. Alikuwa Bi Prosser, msimamizi wa wasaidizi.

"Bi Mererid, tumeshindwa. Kila siku anatoka nje, anafunga mlango, anabonyeza kengele ya nyumba yake mwenyewe! Majirani wamechoka. Tumeing'oa kengele, sasa anapiga mlango kwa ngumi, na jana kavunja kioo. Itabidi tumhamishie kule milimani, kwenye ile nyumba ya kufungiwa."

Mererid akaiweka keki chini. Wanaopelekwa kule hawarudi. Lakini pamoja na hofu yake, swali likamganda: mwenye nyumba anabisha kwake mwenyewe ili afunguliwe na nani?

Kesho yake akaomba ruhusa kazini, akaja mapema, akakaa kimya jikoni aangalie. Ufunguo ukalia mlangoni. Craig, msaidizi wa zamu, huyoo ndani! "Mambo, bosi!" Akapitiliza hadi chumbani, akasukuma mlango, kumbe Idwal yuko kifua wazi anavaa shati. Punde msaidizi mwingine naye akajifungulia, akachukua mwavuli aliousahau, akaondoka. Hata salamu hakutoa.

Idwal akatoka nje, akafunga mlango. Du! Du! Du!

"Mwache, dada," Craig akasema huku akipekua friji. "Ndio mchezo wake huo. Atachoka."

"Mchezo gani wa kuchubua vidole?" Mererid akaenda kufungua.

Idwal alimshika dada yake mkono, akamvuta nje, yeye akaingia, akafunga. Mererid akabaki kwenye mvua, ameduwaa. Akatia mkono mfukoni atoe ufunguo wake, na mkono ukakwama humo humo. Ufunguo ule alikuwa nao tangu Idwal ahamie pale. Hata siku moja hakuwahi kubisha. Aibu ikamshika.

Akauacha ufunguo mfukoni, akagonga polepole. "Hodi."

Sauti ikatoka ndani: "Nani?"

"Mererid."

"Ngoja."

Akangoja, maji yakimwingia shingoni. Mlango ukafunguliwa. Idwal alikuwa amesimama wima, vifungo vya shati vimefungwa hadi kooni, uso mzima unacheka.

"Karibu. Futa miguu."

Mererid alilia palepale, wala hakujificha.

Jioni Bi Prosser alikuja na karatasi za kuhama, ufunguo mkononi. Akamkuta Mererid mlangoni.

"Gonga, mama."

"Lakini sisi ndio tunao..."

"Gonga, nakwambia!"

Akagonga. Idwal akamngojesha zaidi kuliko alivyomngojesha dada yake. Alipokaribishwa, Bi Prosser alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa, na zile karatasi hakuzitoa. Kengele ikarudishwa, funguo zikawekwa kwa ajili ya dharura tu, na ngumi hazikusikika tena.

Ijumaa Craig akabonyeza kengele.

"Nani?"

"Craig, bosi."

"Nakunywa chai. Ngoja."

Craig akakaa kwenye ngazi, akangoja mpaka chai ikaisha.

Funzo

Kumlisha mtu na kumwogesha hakutoshi ikiwa unaingia kwake kama unaingia banda la kuku. Mtu akifanya jambo tusilolielewa, tujiulize anatuambia nini kabla hatujamwita msumbufu na kumfungia. Nawe uliyepewa ufunguo wa nyumba ya nduguyo, piga hodi. Ukiambiwa ngoja, ngoja.