Fulana ya Magesa

Kila asubuhi Kija alitoka zizini, punda mbele, yeye nyuma. Madebe yaligongana mgongoni mwa punda njia nzima. Lambo lilikuwa mbali. Walipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Nyamuswa, waliambiwa kuwa bomba linakuja. Shule ilikuja. Barabara ilikuja. Bomba lilikuwa bado linakuja. Kwa hiyo maji yaliletwa na Sabasaba.

Sabasaba alikuwa punda dume, bado kijana. Aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa siku ya Sabasaba. Alikuwa mali ya kijiji kizima. Alilala kwa Magesa, mume wa Kija, kwa kuwa Magesa ndiye aliyejenga zizi. Kumpangia kazi, walimpangia wote. Kumkatia majani, alikata Kija peke yake.

Kija hakulalamika. Alikuwa na mimba kubwa, na mimba yake ya kwanza ilitoka njiani, debe likiwa kichwani. Safari hii mkunga wa zahanati alimwambia waziwazi, "Mama, usibebe tena maji." Kija alimtazama Sabasaba kila asubuhi na kuomba Mungu ampe afya. Punda akianguka, debe litarudi kichwani kwake.

Siku moja, lamboni, Sabasaba aliona punda jike wa watu wengine. Akasahau maji. Akamfuata mbio, madebe yakimwagika. Yule jike hakutaka mchezo. Akamrushia teke, likampata Sabasaba katikati ya miguu ya nyuma.

Jioni uume wake ulikuwa umevimba na kuning'inia nje. Haukurudi ndani. Palikuwa na jeraha, na nzi walikuwa wameshafika.

"Magesa, njoo uone," Kija aliita.

Magesa aliona, akacheka, kisha akatazama pembeni. "Sasa mimi nifanye nini hapo?"

"Muoshe."

"Mimi? Nishike hapo? Watu wataniimba kwenye ngoma!"

Hayo ndiyo yaliyomchosha Kija. Kumpakia punda mzigo, hakuna aliyeona aibu. Kumuosha jeraha, wanaume wote walikuwa na aibu.

Lakini dawa walikuwa nazo. Mali ya wote ina madaktari wengi. Wa kwanza alipaka mavi ya ng'ombe. Wa pili aliyafuta, akapaka majivu. Wa tatu akafunga uume kwa kamba ya katani ili usining'inie. Wa nne alisema punda ana huzuni, akamfunga karibu na jike apate kuchangamka. Sabasaba alichangamka kweli, na uvimbe ukaongezeka. Hakuna aliyemuuliza mwenzake jana alifanya nini.

Mwisho akaja mzee Keraryo na chuma chake. Mzee huyo alikuwa fundi wa kuchoma uvimbe wa ng'ombe.

"Koka moto, mwanangu," alimwambia Kija. "Uvimbe tunachomaga. Tangu zamani tunachomaga."

Kija alimtazama mzee, akakitazama kile chuma, akamtazama na punda. Uvumilivu ukamwishia.

"Mzee Keraryo, kwa heshima yako yote, moto huo sikoki! Huyu mnyama amepakwa kila kitu isipokuwa ugali!"

Akajifunga khanga, akashika njia ya Nyamuswa kumtafuta Bwana Mifugo.

Bwana Mifugo aliitwa Clementi. Alikuja kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Wanaume walikuwa wamejaa zizini. Clementi aliinama, akaiona ile kamba, akaguna kwa hasira. Akaikata taratibu kwa mkasi.

"Kamba hii imezuia damu," alisema. "Ingekaa zaidi, pangeoza. Leo amekojoa?"

Wanaume wakatazamana.

"Asubuhi alikojoa, kidogokidogo," Kija alijibu. "Nilimwangalia."

"Vizuri. Asipokojoa, niiteni upesi, hata kama ni Jumapili. Nani anamuuguza?"

"Sisi wote, Bwana Mifugo," wanaume walijibu kwa fahari.

"Basi hana muuguzi."

Clementi akaendelea, "Kila mmoja anaweka dawa yake, mwingine anaifuta. Mnamchokoza tu. Nataka mtu mmoja. Ni nani?"

Kija hangeweza kuinama, tumbo lilikuwa mbele. Alimtazama Magesa. Magesa akatazama paa la zizi, kama mtu anayehesabu nyasi.

"Ni mume wangu," Kija alisema.

Clementi akamwonyesha. Chemsha maji, tia chumvi kidogo, yaache yapoe. Nawa mikono. Osha jeraha polepole. Kisha mwagia uvimbe maji baridi kwa muda, asubuhi na jioni. Paka mafuta haya mazito ya dawa ili ngozi isikauke na kupasuka. Usipake majivu, wala mavi, wala magadi.

"Na hapo hapachomwi, mzee wangu," alimwambia Keraryo. "Nyama yake ni laini. Ukichoma, njia ya mkojo inaweza kuziba, na punda atakufa."

Kisha akasema, "Sasa tunahitaji kitambaa cha kuubebea uume. Ukining'inia, uvimbe unashuka na hauponi. Kiwe laini, na kiwe na matundu, mkojo upite."

Kija akaingia ndani. Akatoka na fulana nyeupe ya matundu.

"Kija!" Magesa aliruka. "Hiyo ni ya mikutano! Nilinunua Musoma!"

"Najua. Ndiyo yenye matundu."

Fulana ikakatwa. Clementi akaipitisha chini ya tumbo, akafunga mikanda ya kitambaa juu ya mgongo, si kwa kukaza. Magesa alitazama kwa uchungu kama mtu anayezika ndugu.

"Muifue kila siku," Clementi alisema. "Mtembezeni polepole, mtu akimshika kamba. Mizigo hapana. Majike akae nao mbali, hata akipona, mpaka nije nimwone. Na kama kijiji hakitaki watoto wake, nitamhasi akishapona kabisa, atulie."

"Na maji?" mtu mmoja aliuliza. "Nani atatuletea maji?"

Kija alikuwa amelingojea swali hilo. Akayatoa madebe, akayapanga mlangoni pa zizi.

"Kila mwenye dawa ya punda, achukue debe. Aende lamboni. Hiyo ndiyo dawa tunayoitaka."

Wengi wakakumbuka kuwa wana pamba ya kupalilia. Lakini Kija hakuondoa madebe. Kila aliyechungulia zizini alikabidhiwa debe, hata mwenyekiti wa kijiji. Maji yakaja, na kichwa cha Kija hakikubeba kitu.

Magesa alianza kwa kujificha. Alitundika mkeka, akaosha punda nyuma yake. Vijana wakapita wakiimba, "Magesa, yaya wa punda!" Siku nyingine mkeka ukaanguka kwa upepo, mikono yake ikiwa imejaa mafuta. Akauacha hapohapo.

"Imbeni," aliwaambia. "Lakini mkimaliza, madebe yale pale."

Uvimbe ukapungua. Jeraha likafunga. Asubuhi moja Magesa alimkuta Sabasaba yuko sawa, uume umerudi ndani wenyewe. Alipiga kelele mpaka majirani wakadhani nyumba inaungua. Clementi akaja, akamkagua, akampa ruhusa ya mzigo mdogo kwanza.

Je, wanaume walishukuru? Wapi! Mmoja alisema ni majivu yake. Mwingine akasema ni mavi ya ng'ombe. Kija alichoka hata kujibu. Alikuwa na mtoto wa kike mgongoni, mzima, mwenye sauti kubwa, na maji ndani ya mtungi. Akawaacha wabishane.

Pamba ilipoanza kuchanua, mzee Keraryo alikuja zizini kimyakimya. Hakuwa na chuma.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "dume langu la ng'ombe limeruka ua wa miiba. Limeumia palepale. Nimemtuma mjukuu kwa Bwana Mifugo. Maji ya chumvi nimeshachemsha, yanapoa."

Kija akamkazia macho. "Na muuguzi ni nani, mzee?"

"Ni mimi. Peke yangu. Wengine nimewafukuza."

"Na kitambaa?"

Mzee Keraryo akatazama huku na huku. Halafu akafungua vifungo vya shati. Ndani alikuwa amevaa fulana ya matundu, mpya kabisa. Akaanza kuivua.