Kopo Lenye Misuli

Kulipokucha, Rula alikuwa ameshachoka. Uchovu wa jana ulikuwa haujatoka na wa leo ulikuwa umeshabisha hodi. Alijivuta kutoka kitandani, akawasha jiko, akabandika maji ya kumwosha baba yake, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kusubiri yapate moto. Akasinzia hapohapo mpaka kifuniko cha sufuria kilipoanza kucheza.

Jina la Rula alipewa na baba yake. Baba alikuwa mchora mabango. Majina ya maduka, vinyozi na gereji, karibu yote yaliyoandikwa ukutani katika mtaa wao, yalitoka mkononi mwake. Tangu binti yake alipokuwa na miaka sita, ndiye aliyemshikia rula ndefu ya mbao ili herufi zisiende upogo. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu na mwembamba, na jina lilikuwa limemganda.

Wiki saba nyuma, baba alianguka kutoka kwenye ngazi akimalizia bango la kinyozi. Mguu ulivunjika mahali pawili. Hospitali walimfunga vyuma, wakasema upasuaji wa pili utafuata. Tangu hapo alilala karibu na dirisha. Mama alitoka alfajiri kwenda kufua mashuka katika nyumba ya wageni, akarudi jioni mikono imechubuka kwa sabuni. Rula alibaki na kuosha, kupika, kufagia na kumgeuza mgonjwa, ndipo akimbilie shule akasinzie kwenye somo la hesabu.

"Mwanangu, umekula?" baba aliuliza kila asubuhi.

"Nimekula, baba. Na wewe?"

"Nimeshiba kabisa," alijibu, na uji kwenye bakuli umepungua vijiko vitatu tu.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Baba alikuwa akikonda mbele ya macho yao, na kidonda cha mguuni hakikutaka kufunga. Siku ya kliniki walipelekwa kwa afisa lishe, mwanamke mchangamfu aliyechomeka kalamu kwenye nywele na aliyeongea na wagonjwa wake kama ndugu zake.

"Kidonda hakifungi kwa sababu mwili hauna cha kukijengea," aliwaambia. "Leo ana kilo hamsini na moja. Upasuaji ni mwezi ujao. Asipofika hamsini na nne, daktari hatamgusa, na mguu utaendelea kukaa vibaya. Tumeelewana?"

Mama aliitikia kwa kichwa. Rula alishika namba hiyo kama mtu anayeshika yai: hamsini na nne.

"Chakula kwanza. Mayai, maharage, samaki, maziwa. Lakini kwa kuwa mzee wetu huyu anashiba upesi, tutaongeza unga wa protini ya maziwa. Maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini, kuna maji yanayojitenga. Protini iliyomo kwenye maji hayo hukaushwa ikawa unga. Ni hivyo tu, hakuna uchawi. Figo zake tumezipima, ziko salama. Mpeni vipimo viwili kwa siku, ndani ya uji."

Aliandika kwenye karatasi, akamkabidhi Rula. "Duka la dawa lile la juu mlimani, nyuma ya soko. Chukua mfuko wa kawaida, usio na ladha. Na popote utakaponunua, binti, soma nyuma kabla hujasoma mbele."

Jumamosi mama alimpa Rula fedha za mfuko huo na za trei mbili za mayai, akaenda zake kwenye mashuka. Rula aliosha vyombo, akafua, akambadilishia baba shuka, akatoka jua likiwa utosini. Aliposhuka kwenye basi aliinua macho akautazama mlima wa kwenda duka la juu. Ngazi za saruji zilipanda mpaka zikapotea kati ya paa za mabati. Alihesabu ishirini za kwanza, akaacha.

Na pale pale kituoni, hatua kumi tu, palikuwa na duka jipya lenye kioo, feni na muziki. Muuzaji wake alikuwa kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Kifua, kwa sababu kifua chake kilifika mahali kabla ya mwenyewe.

"Karibu, dada! Leo tumnunulie nani?"

"Baba yangu. Anaumwa. Anataka unga wa protini."

"Pole sana. Basi umefika penyewe." Kifua alishusha kopo jeusi kubwa kama ndoo. Mbele lilikuwa na mwanamume asiye na shati, misuli imetuna mpaka shingo imemezwa, na herufi za dhahabu: NGUVU YA SIMBA. Chini yake, kwa rangi nyekundu: GRAMU 50 ZA PROTINI!

Rula alitoa karatasi yake. "Mimi nimeambiwa mfuko wa kawaida."

Kifua alitazama karatasi, akacheka kwa huruma. "Ule? Ule ni wa watu wanaobana matumizi, dada. Kwani baba yako unamwekea bei?"

Neno hilo lilimchoma Rula. Alimfikiria baba pale dirishani na mifupa ya mabega iliyochomoza chini ya fulana. Feni ilimpuliza shingoni. Mlima ulikuwa ungali pale nje ukimsubiri. Kopo lilikuwa la bei karibu mara tatu ya mfuko, na lilikula fedha zote, za mayai zikiwemo. Alilibeba kifuani kama mtoto, akarudi nyumbani.

Jioni mama aliingia, akaketi mlangoni bila kuvua viatu. "Ndio ule alioandika yule dada?"

"Ndiyo, mama," Rula alisema. Uongo ulimtoka upesi kuliko alivyotarajia. "Mfuko ulikuwa umekwisha. Huu ni uleule, ila una kopo."

"Na mayai?"

"Yamepanda bei. Nitanunua wiki ijayo."

Siku nyingine mama angelichukua kopo aligeuze. Siku hiyo alisema tu, "Haya, mama, Mungu akubariki," akaegemeza kichwa ukutani na macho yakafumba yenyewe.

Rula alipolifungua kopo alikuta unga umeishia katikati. Nusu nyingine ilikuwa hewa. Ndipo akasoma nyuma, maandishi madogo kama sisimizi: mlo mmoja, vijiko vinne vya kupimia. Alipiga hesabu kwa vidole. Vinne asubuhi, vinne jioni, na kopo lisingemaliza wiki moja. Fedha nyingine zilikuwa hazipo, na mama alikuwa ameshabariki.

Akaanza na kijiko kimoja kimoja. Wiki ya pili, alipoona unga unazidi kushuka, akakifuta kijiko kwa kidole mpaka kikabaki nusu. Si kitu, alijiambia, hata nusu ya nguvu ya simba ni nguvu. Baba alikunywa uji huo mtamu kupita kiasi huku amekunja uso, lakini hakulalamika. Mara mbili Rula aliona macho yake yakiufuata mkono wake pale anapofuta kijiko, na mara zote mbili baba aligeukia dirishani.

Mwezi ulipoisha, siku ya kupimwa, walikwenda kwa gari la jirani, kopo limo ndani ya mfuko wa mama, kwa maana waliagizwa waje na unga wenyewe. Baba alishikiliwa huku na huku akasimama kwa mguu mmoja juu ya mzani. Mshale uliyumba, ukatulia.

"Hamsini," alisema afisa lishe. Akainama kusoma tena. "Hamsini kamili. Ameshuka."

Mama alikaa kwenye benchi taratibu, kama mtu aliyeshusha mzigo akakumbuka kuna mwingine.

"Kwa hiyo upasuaji...?"

"Hauwezekani, dada yangu. Siwezi kumdanganya daktari."

Rula alitazama mikono ya mama iliyochubuka. Alijua angenyamaza wangelaumu ugonjwa, wangelaumu uji, wangemlaumu hata baba kwa kutokula. Alijua pia kuwa hangeweza kubeba jambo hilo mpaka nyumbani. Akapiga moyo konde.

"Ni mimi," alisema. "Sikwenda duka la juu. Mfuko haukuwa umekwisha, sikufika hata kuuliza. Nilinunua kopo, na fedha za mayai zikaenda humo humo. Halafu nikawa nampa baba nusu kijiko ili lisiishe mapema."

Mama alilitoa kopo mfukoni, akampa afisa lishe, akabaki anaitazama sakafu.

Afisa lishe alimtazama mwanamume mwenye misuli, akaligeuza kopo, akachomoa kalamu kwenye nywele. "Njoo, usilie. Soma hapa."

Rula alisoma kwa sauti, akijifuta kwa mkono. "Gramu hamsini... kwa vijiko vinne... vikichanganywa na glasi mbili za maziwa."

"Kwa hiyo zile hamsini za mbele, nyingine zimo kwenye maziwa ambayo hawakuuzii. Kijiko kimoja kwenye maji kina gramu nane. Sasa soma kilichotangulia kwenye orodha. Kinachoandikwa kwanza ndicho kilicho kingi."

"Sukari."

"Nusu kijiko ni gramu nne. Yai moja lina sita. Kila mlo ulikuwa unampa baba chini ya yai moja, kwa bei ya kuku." Alisema bila ukali. "Mfuko wa kawaida, kipimo kimoja kina gramu ishirini na nne, na cha kwanza kwenye orodha ni protini yenyewe. Hauna picha, ndiyo maana ni wa bei rahisi. Nitaomba daktari atupe wiki nne nyingine. Lakini ni nne tu."

Jioni ileile mama aliomba fedha za mshahara wa mbele kwa bosi wake, akamshika Rula mkono, wakaanza kupanda ngazi za mlimani. Katikati walilazimika kusimama wapumue.

"Kwa nini hukuniambia umechoka?" mama aliuliza.

"Na wewe ulikuwa umechoka, mama."

"Basi tungechoka wawili." Mama alikaa kwenye ngazi, akamvuta akae karibu. "Nimekasirika, nisikufiche. Si kwa kopo. Kila mtu huuziwa kopo siku moja. Nimekasirika kwa zile siku ulizokuwa unafuta kijiko peke yako huku baba yako anapungua."

Rula alilia pale ngazini, kilio cha kuchoka zaidi kuliko cha kuogopa, na mama akamwacha alie mpaka kikaisha. Kisha wakamalizia kupanda. Mfamasia wa duka la juu aliwapa mfuko mweupe usio na picha yoyote. Rula aliugeuza, akasoma nyuma, akauliza kipimo kimoja ni gramu ngapi na mfuko utakwenda siku ngapi, ndipo akamwonyesha mama pa kulipia.

Wiki nne zilikuwa ndefu. Mama alipanga kazi upya: jirani alimgeuza mgonjwa mchana, na Rula alilala kwa muda wa saa nzima akitoka shule, ilikuwa amri. Asubuhi na jioni uji ulichanganywa na kipimo kilichojaa, na mayai yakarudi. Uji huo haukuwa na utamu wowote. Baba alisema una ladha ya ukuta ambao haujapakwa rangi, akaumaliza.

Siku ya mzani, mshale uliyumba, ukatulia ukiwa umepita kidogo alama ya hamsini na nne. Afisa lishe aliandika tarehe ya upasuaji kwa herufi kubwa. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajali, kicheko kifupi cha mtu ambaye bado ana usingizi.

Nyumbani baba aliomba aletewe kopo jeusi. Lilikuwa limeoshwa na sasa lilitunza brashi zake, na rangi ya bluu ilikuwa imemchuruzikia yule mwanamume mpaka kitovuni. Baba alimtazama kwa muda.

"Rula, njoo nikuambie siri ya kazi yangu. Nimechora wanaume wa namna hii labda ishirini. Mwenye duka husema, ongeza misuli, nami naongeza. Husema, andika 'bora kuliko zote', nami naandika, naye hajanionjesha hata kijiko. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniita nichore nyuma ya kopo. Nyuma hakuna anayelipia ipendeze, kwa hiyo ukweli umekaa huko."

"Nilipaswa kuligeuza pale pale dukani, baba."

"Ulikuwa umechoka. Matangazo hayamtafuti mjinga, mwanangu. Yanamtafuta aliyechoka na anayempenda mtu. Kwa hiyo siku ukichoka, usinunue kitu. Sema umechoka, kisha kesho twende wote." Akashusha sauti. "Na mimi nilikuona unafuta kijiko. Nilidhani fedha zimetuishia, nikaona haya kuuliza. Tulinyamaza wawili, tukapoteza mwezi. Tusirudie."

"Haturudii, baba."

"Haya. Sasa niletee rula na ule mfuko mweupe."

Rula alimshikia rula juu ya mfuko. Baba akachovya brashi nyembamba, na kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miezi mitatu akaandika herufi, zimenyooka vilevile kama zamani. Aliandika upande wa mbele uliokuwa mtupu: KIPIMO KIMOJA, GRAMU 24. KIJAZE.