Moto wa Rweya

Kila Jumamosi wakati wa kiangazi, Felicitas alikwenda rweya kukata nyasi za kutandika sakafuni. Rweya ilikuwa mbuga pana ya majani iliyotenganisha migomba ya kijiji kimoja na ya kijiji kingine huko Ijumbi, katika sehemu za Muleba. Haikuwa mali ya mtu mmoja. Kila mwanakijiji alikuwa na haki ya kulisha ng'ombe wake pale, na ya kukata nyasi za kuezekea nyumba na za kufunika mashina ya kahawa. Sheria yake ilikuwa moja tu, na hata watoto wadogo waliijua: asiwashe mtu moto rweya bila ruhusa ya mkungu, mkuu wa kijiji. Upepo wa kiangazi ukishauchukua moto, hakuna ajuaye utaishia wapi.

Miaka hiyo Waingereza ndio waliotawala Tanganyika. Felicitas alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la nne katika shule ya misheni. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo Miembeni, mjini Bukoba, na alikuja nyumbani mara chache. Kwa hiyo mtu aliyewaangalia yeye na mama yake, Anatolia, alikuwa baba yake mdogo, Mutalemwa. Alikuwa mtu mpole na mcheshi, mwenye ng'ombe wazuri. Ndugu wengine waliposema kwamba msichana hana haja ya shule, Mutalemwa ndiye aliyebishana nao mpaka wakanyamaza. Felicitas alimpenda kama baba yake mzazi.

Jumamosi moja wenzake walitangulia kurudi, naye akabaki nyuma ya kichuguu akifunga mzigo wake. Alipoinua kichwa, alimwona Mutalemwa ng'ambo ya kibonde, ameinama. Moshi mwembamba ulipanda mbele yake. Felicitas alielewa mara moja. Majani yalikuwa yamekauka, ng'ombe wamekonda, na majani makavu yakiungua, machanga huchipua mapema.

Mwanzoni moto ulikuwa mdogo. Kisha upepo ukageuka. Mutalemwa alivunja tawi la mti akaupiga moto huku na huku, akarukaruka, akapiga tena. Moto ukamshinda. Alisimama kidogo akiutazama, halafu akalitupa tawi na kukimbilia migombani. Felicitas naye aliacha mzigo wake akakimbia, huku akipiga kelele, "Moto! Moto!"

Watu walitoka mbio na majembe na maganda mabichi ya migomba. Waliuzuia moto usiingie katika mashamba, lakini nyumba moja ilikuwa pembeni kabisa, karibu na nyasi. Ilikuwa msonge wa Bibi Kokushubila, mjane mzee aliyeishi peke yake. Walipofika waliukuta ukiporomoka. Maharage yake ya mwaka mzima yaliteketea humo, na ndama wake pia. Bibi mwenyewe alikuwa amelala nje, amezimia kwa moshi. Kando yake alikaa Mrundi mmoja, Bigirimana, kibarua katika shamba la kahawa la Kagaruki. Mikono yake ilikuwa imeungua mpaka viwikoni.

"Huyu alifikaje hapa kabla yetu?" mtu mmoja aliuliza.

"Tazameni mikono yake!" mwingine akadakia. "Ni nani mwingine aliyeshika moto?"

"Hawa wageni hawana kibanja, hawana shamba la migomba hapa. Chetu kikiungua, kwao si kitu."

Bigirimana alijaribu kusema, lakini Kiswahili chake kilikuwa kidogo na makelele yalikuwa mengi. Walimfunga kwa kamba za migomba, juu ya mikono ile ile iliyoungua. Felicitas alimtafuta Mutalemwa kwa macho, akamwona katikati ya watu. Aliinamisha uso. Hakusema neno.

Bibi Kokushubila alibebwa kwa machela mpaka hospitali ya misheni. Jioni ile Felicitas alishindwa kula. Mama yake alimgusa shavu kuona kama ana homa, ndipo msichana akamweleza yote aliyoyaona.

Anatolia aliweka chini kisu cha kumenyea ndizi.

"Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana, mama."

"Basi usimwambie. Yule ni baba yako. Ni yeye anayetulimia, ni yeye anayekupeleka shule. Huyo kibarua atapelekwa Bukoba, atafungwa kidogo, halafu atarudi kwao."

"Lakini mama, si yeye aliyewasha."

"Najua. Nimesikia," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Kula."

Jumatatu baraza lilikutana mbele ya gombolola, yaani chifu mdogo wa eneo lile, Mzee Ishengoma. Shule ilifungwa siku hiyo, maana hata walimu walikuja. Bigirimana aliletwa akiwa bado amefungwa.

"Mfungueni," gombolola alisema.

"Bwana, ni mhalifu huyu," mtu mmoja alipinga.

"Nani amemhukumu? Mimi bado sijasikia neno lake. Mfungueni, mpeni maji, halafu aseme."

Bigirimana alikunywa kwa shida, akishika kibuyu kwa ncha za vidole. Kisha akasema polepole, "Mimi nilikuwa natoka kuteka maji. Nikaona moto. Nikasikia bibi analia ndani. Nikaingia, nikamtoa. Ndama sikuweza."

"Shahidi wako ni nani?"

"Ni bibi. Lakini bibi yuko hospitali, hajasema bado."

Watu wengine walicheka. Gombolola aligonga fimbo yake chini, wakanyamaza. Akauliza kama yupo mtu mwingine yeyote mwenye jambo la kusema. Watu walitazamana. Felicitas alikuwa amekaa chini kando ya mama yake. Alimtazama Bigirimana. Mtu yule hakuwa akimwangalia yeyote tena. Aliangalia mikono yake tu, kama mtu ambaye ameshajua yatakayompata.

Felicitas alisimama. Mama yake alimshika gauni, akashikilia kidogo, halafu akaliachia.

"Mtoto wa kike anasimama barazani?" mzee mmoja alinung'unika.

"Alikuwa na macho siku ile kama wewe," gombolola alijibu. "Sema, binti. Usiogope."

"Bwana, si yeye aliyewasha moto," Felicitas alisema. "Mimi nilikuwa rweya nakata nyasi. Nilimwona aliyewasha."

"Mtaje."

Hakuweza. Alifungua kinywa, machozi yakatangulia. Alimgeukia Mutalemwa, aliyekaa mstari wa mbele pamoja na wenye heshima.

"Baba," alisema, "nilikuona. Nilikuona pia ukihangaika kuuzima. Uliupiga sana, ukakushinda."

Mutalemwa angeweza kukana, na wengi wangemwamini yeye kuliko mtoto. Alimtazama yule msichana aliyesimama analia mbele ya watu. Kisha akainuka, akavua kofia.

"Mtoto anasema kweli," alisema. "Niliuwasha mimi. Na walipomfunga mtu huyu, nilikuwepo, nikanyamaza. Hilo la pili ni baya kuliko la kwanza."

Gombolola aliamua kwamba Mutalemwa amjengee Bibi Kokushubila nyumba nyingine na kumpa ng'ombe mwenye ndama, na kwamba kwa mwaka mmoja asilishe ng'ombe wake rweya. Wale waliomfunga Bigirimana waliamriwa kumwomba radhi mmoja mmoja, mbele ya watu wote. Waliona haya sana. Bibi alipopata nafuu alieleza mwenyewe jinsi alivyobebwa mgongoni kutoka motoni. Bigirimana alikubali radhi zao na kumaliza msimu wa kahawa kwa Kagaruki. Kisha akarudi kwao na wenzake, na mwaka uliofuata hakuonekana tena Ijumbi.

Kwa majuma mengi Mutalemwa hakuja nyumbani kwa kina Felicitas. Msichana alihisi kwamba amempoteza. Alikwenda shule, akarudi, akateka maji, na kila alipopita karibu na nyumba mpya iliyokuwa ikijengwa alitembea haraka bila kutazama.

Siku moja Felicitas alikuwa akitoka shule na daftari zake, Mutalemwa akamwita kutoka juu ya paa la nyumba ile.

"Felicitas! Nirushie fungu hilo la nyasi."

Alimrushia. Mutalemwa alilipanga, akalikaza, kisha akashuka na kukaa juu ya gogo. Alikuwa amekonda.

"Umenikasirikia, baba?" Felicitas aliuliza.

"Nilikasirika," alisema. "Siku za kwanza nilikasirika kweli kweli. Nilijiambia, nimempeleka shule, naye ndiye anayenivua nguo barazani. Halafu nikaanza kazi hii. Kila siku bibi ananiletea maji ya kunywa, wala hanisemi kwa lolote. Nikapata nafasi ya kufikiri."

Alifuta jasho.

"Sikiliza, mwanangu. Rweya ni yetu sote. Mimi nilishika haki yangu ya kulisha ng'ombe, nikaiacha kazi yangu ya kuitunza. Mtu wa namna hiyo anawala wenzake. Na Bigirimana alikuwa na haki ya kusikilizwa kabla ya kufungwa, ingawa hana hata mgomba mmoja hapa. Haki yake ilikuwa mikononi mwetu sisi tuliojua ukweli. Tulikuwa wawili, mimi mtu mzima na wewe mtoto. Wewe ndiwe uliyefanya kazi ya raia mwema. Ukiwa mkubwa, usingoje mtu mwingine asimame kwanza. Na hata mwenye kosa akiwa ni mimi tena, simama."

Mutalemwa aliinuka na kupanda tena juu ya paa.

"Haya, lete fungu lingine," alisema. "Mvua ziko karibu, na bibi hana mahali pa kulala."

Felicitas aliweka daftari zake chini, akaanza kumrushia nyasi.