Mgeni Ndani ya Jicho la Bupe

Asubuhi ile chumba cha kupigia picha za macho kilinuka ugoro. Katika kliniki ile ya Annandale, huko ughaibuni, hata manukato yalikatazwa, kwa hiyo Khalfan, mpiga picha wao, alijinusa kwapa la kulia, akajinusa la kushoto, akajiondolea lawama.

"Tumbaku imetoka wapi?" akauliza nesi Nkatha, Mmeru asiyekosa kanisani. "Ama nyinyi Watanzania mmeanza kuleta majini yenu kazini?"

Khalfan akacheka kumshinda. Ndivyo alivyokuwa: aibu ikimkaribia, huitangulia kwa kicheko. Lakini ugoro ule aliujua. Ulikuwa wa jini la kwao Tabora, walilolirithi kwa bibi yake. Juzi tu mama yake alikuwa amempigia simu.

"Limekufuata, mwanangu. Halitaki mbuzi wala ubani. Linataka ulitambue kwa kinywa chako mbele za watu, useme, 'Huyu ni wetu.' Ukilikana litachukua kitu."

"Mama, laini mbovu! Sikusikii!" alijibu, naye anamsikia mpaka anavyopumua, akakata simu.

Mgonjwa wa kwanza siku hiyo alikuwa mkewe, Bupe. Alikuwa na lupasi, ugonjwa unaoifanya kinga ya mwili imgeukie mwenye mwili, na sasa alikuwa akiona moshi mbele ya macho. Daktari alitaka picha zionyeshe kama mishipa ya ndani ya jicho imeguswa; ikiwahiwa, hapofuki.

"Nipige nitoke mzuri," Bupe alisema, akiegemeza kidevu kwenye mashine.

Nkatha akamdunga dawa ya njano mkononi. Khalfan akazima taa, akachungulia. Mwanga wa bluu ukapiga, dawa ikafika, mishipa ikawaka mmoja baada ya mwingine, mizima yote, naye akashusha pumzi. Na hapo hapo, kule ndani kabisa, nyuma ya mboni ya mtu anayelala naye kitanda kimoja, akamwona mtu mwembamba akitembea polepole, akiupapasa mshipa kama apapasaye ukuta gizani, akija, akija, mpaka akasimama katikati ya jicho na kumtazama, na harufu ya ugoro ikamjaa Khalfan kooni, na kinywani mwa Bupe kikatoka kikohozi cha mzee.

"Khalfan. Waambie mimi ni wa nani."

"Haki ya Mungu, hiyo si sauti ya Bupe," Nkatha akanong'ona. "Khalfan, unamjua huyo?"

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri picha. Khalfan akaliona koti jeupe la daktari, akakiona mawazoni kicheko cha Nkatha kikitembea kliniki nzima.

"Simjui," akasema. "Ni mashine inakoroma."

Ndani ya jicho mishipa ikaanza kuzimika, kutoka pembeni kuja katikati. Harufu ikakatika.

"Umemaliza, mume wangu?" Bupe akauliza kwa sauti yake mwenyewe. "Washa taa basi."

Nkatha alikuwa ameshaiwasha.

"Ni wetu!" Khalfan akapiga kelele. "Huyu ni wetu! Namjua! Wa nyumbani kwetu!"

Nkatha hakucheka.

"Nani wenu?" Bupe akauliza taratibu, akanyoosha mkono kumtuliza mumewe, akaushika mkono wa daktari aliyekuwa amesogea, akaupapasa kwa mapenzi.