Ncha ya Kipimajoto

Enzi zile nikiwa fundi wa friza, zahanati yetu ilikuwa na friza moja ya chanjo yenye baridi ya kutisha. Ukiisalimia, salamu ilidondoka sakafuni ikiwa imeganda, nawe ukasubiri iyeyuke ndipo ujibiwe. Msiniulize ushahidi, nao uliyeyuka.

Siku za likizo, binti wa muuguzi alishinda nasi. Tulimwita Chiriku kwa kupenda kuongea. Asubuhi alifagia veranda na kupanga mabenchi, kisha akaniuliza maswali mpaka masikio yangu yakaomba likizo. Nayakumbuka sana maswali yale. Siku hizi hakuna anayeniuliza hata saa.

Kilichomvutia zaidi ni kipimajoto kipya cha kidijitali. Kioo chake kilikuwa nje ya friza. Waya mwembamba ulipita ndani, ukaishia kwenye ncha ya chuma iliyochomekwa katika kichupa cha mchanga, ili isishtuke kila mlango ulipofunguliwa.

Asubuhi moja tulikuta taa nyekundu inawaka. Kioo kilikuwa kimehifadhi namba ya juu kabisa: joto lilikuwa limepanda mno, kisha likashuka. Lini na kwa nini, hakikusema.

"Fundi, friza imekufa?" Sista Mkuu, msimamizi wa zahanati, aliuliza.

Nilikagua mota na nyaya. "Haina hata mafua, Sista."

"Na barafu?"

"Ngumu kama jiwe. Lakini barafu huweza kuyeyuka ikaganda tena, ikatulia kama mtoto aliyelamba sukari kwa siri."

Sista alishusha pumzi. "Chanjo yenye shaka haichomwi. Tutaimwaga yote."

Nje, kina mama waliotoka mbali walikuwa wamejaa na watoto mgongoni. Chanjo nyingine ingeletwa mwezi ujao.

Chiriku alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. Mama yake akamgeukia. "Wewe, leo ulimi umeuacha nyumbani?"

Machozi yakamtoka. "Mama, ni mimi. Jana mlipokuwa mnaaga wagonjwa, nilitoa ile ncha nikaifumbata mkononi, nione namba zikipanda. Halafu nikairudisha."

"Ulifungua friza ya chanjo?"

"Nilifungua, nikafunga palepale. Waya na ncha ndivyo vilivyobaki nje."

"Fanya tena, tuone," Sista akasema.

Chiriku akaifumbata ncha. Namba zikapanda, zikapanda, zikagota palepale zilipogota jana. Kumbe kilichopimwa kilikuwa kiganja cha mtoto! Sista akapiga simu bohari kuu ya chanjo, akaeleza kila kitu, akaruhusiwa kuendelea.

"Habari ya kuchezea friza tutaiongelea nyumbani," mama mtu akasema.

Sista akamshika Chiriku bega. "Jana ulikosea, mwanangu. Leo umesema kabla hatujamwaga. Ukweli ukichelewa, wanaoumia ni wale ambao hata hawakuwepo."

Chanjo ikaanza. Watoto walilia mpaka mabati ya paa yakatikisika, na mpaka leo sijasikia kelele tamu kama zile.